Kwa nini unga wa metali huzaa umeme unapoungua?

Moto tuliouzoea jikoni huhitaji hewa, hutoa moshi na kuacha majivu. Upo moto wa namna nyingine unaopita ndani ya unga mkavu ulioshindiliwa, karibu bila gesi wala moshi, na nyuma yake hubaki kitu kigumu chenye thamani. Moto huo huzaa pia umeme.

Mwaka 1967, katika mji wa Chernogolovka karibu na Moscow, wanasayansi wa Umoja wa Kisovieti Alexander Merzhanov, Inna Borovinskaya na Valentin Shkiro waliwasha mchanganyiko wa unga wa titani na boroni. Walipouwasha upande mmoja, mwako ulijisambaza wenyewe hadi upande wa pili, kwa joto linalozidi nyuzi 2,000 za Selsiasi. Jambo hilo likaitwa mwali yabisi. Leo njia hiyo hutumika kutengeneza malighafi ngumu za zana za kukatia metali.

Umeme hutoka wapi?

Punje ya metali inapoungua, hufunikwa na utando wa kitu kipya kinachozaliwa. Ili mwako uendelee, chembe zenye chaji, yaani ayoni na elektroni, hulazimika kuupenya utando huo. Elektroni ni nyepesi, na ayoni ni nzito. Hivyo hazisafiri kwa kasi moja. Chaji hasi na chaji chanya hutengana kwa muda mfupi, na nyaya za kupimia zilizotiwa ndani ya unga huonesha msukumo wa umeme. Mara nyingi hauzidi volti moja au mbili, na hutoweka mwako ukishapita.

Umeme huo hautoshi kuwasha taa ya nyumbani. Faida yake ni kuwa shahidi: humweleza mtafiti kinachotendeka mahali ambapo jicho halifiki, na wakati gani. Watafiti wamebaini pia kwamba umeme ukitiwa kutoka nje unaweza kubadili kasi ya mwako na hata kile kinachozaliwa.

Tahadhari karakanani

Uhusiano huo una upande wa hatari. Kama mwako unavyozaa umeme, ndivyo cheche ndogo ya umeme tuli, itokanayo na msuguano wa nguo au chombo cha plastiki, inavyoweza kuwasha vumbi laini la alumini au magnesi. Kwa hiyo vyombo vya kuhifadhia unga wa metali huunganishwa na ardhi kwa waya, na vumbi halipaswi kuachwa lirundikane chini ya mashine za kusagia.

Vumbi hilo likishika moto, lisimwagiwe maji: metali inayoungua huyavunja maji na kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Mchanga mkavu, ukimwagwa taratibu ili vumbi lisitimke, ndio unaofaa.