Mama alivyoficha selimundu ya mwanawe ili aende kambi ya michezo

Dar es Salaam. Simu iliita saa 4 usiku. Mama huyo alikuwa bado kwenye cherehani, akimalizia sare za kwaya za mteja. Alipoona namba ya matroni wa kambi, anasema, mikono ilikufa ganzi kabla hata hajapokea.

Matroni hakumlaumu. Alimuuliza swali moja tu: mtoto huyu ana tatizo gani ambalo sisi hatukuambiwa?

Mama huyo mwenye miaka 38, mkazi wa Tabata, ni mama wa watoto wawili: binti wa miaka 14 aliye kidato cha kwanza na mvulana wa miaka 11 aliye darasa la tano. Ameomba jina lake lisiandikwe kwa ajili ya mwanawe, ambaye amezaliwa na selimundu, ugonjwa ambao wengi mtaani wanauita sikoseli.

Juni mwaka jana, shule zilipofungwa, kanisa analosali liliandaa kambi ya michezo ya wiki moja Lushoto mkoani Tanga. Ratiba ilikuwa ya kuvutia. Asubuhi sala na somo la Biblia, mchana mpira wa miguu, netiboli, riadha na kuvuta kamba, jioni nyimbo na shuhuda kuzunguka moto. Mchango aliulipa kwa awamu tatu.

Mvulana huyo anapenda mpira kuliko chakula, lakini shuleni kazi yake uwanjani ilikuwa kushika mabegi ya wenzake. Tangazo la kambi liliposomwa kanisani, alimshika mama yake mkono na hakuuachia mpaka ibada ilipoisha.

Neno moja kwenye fomu

Fomu ya kambi ilikuwa na sehemu ya afya. Iliuliza kama mtoto ana ugonjwa wa kudumu na kama kuna dawa anazotumia. Mama aliandika “Hana”, kisha “Hatumii”.

Anaeleza kuwa hakufanya hivyo kwa uzembe. Mwaka mmoja kabla, shule ilipanga safari ya kwenda Bagamoyo. Yeye alisema ukweli, na asubuhi ya safari mtoto wake akaachwa getini akiwa na chupa yake ya maji na chapati zake kwenye mfuko. Aliapa kuwa hatakubali jambo hilo lijirudie.

Vidonge vya mtoto alivifunga ndani ya soksi na kumkabidhi binti yake, akimwelekeza ampe mdogo wake kila jioni na asimwambie mtu. Leo anasema hilo ndilo linalomuumiza zaidi: alimtwisha mtoto mzigo wa mtu mzima.

Usiku wa pili

Lushoto ipo kwenye Milima ya Usambara, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Juni ni mwezi wa baridi huko. Siku ya pili mvulana alicheza mpira tangu asubuhi. Hakunywa maji ya kutosha, akiogopa kuomba ruhusa ya kwenda chooni na kupoteza namba yake. Jioni akaoga maji ya bomba kama wenzake.

Usiku miguu ikaanza kuuma. Aling'ata blanketi ili asilie, mpaka mwenzake wa kitanda cha jirani alipokwenda kumwita mwalimu. Walimu walidhani ni uchovu wa mpira, wakamchua miguu kwa dawa. Maumivu yalipozidi, wakamwita dada yake kutoka bweni la wasichana.

Binti alisimama mlangoni kwa muda bila kusema kitu. Kisha akasema: “Ana sikoseli. Mama alisema nisiseme.”

Bahati nzuri matroni alikuwa nesi mstaafu. Alimfunika mtoto mablanketi, akampa maji na dawa ya maumivu, akapima joto la mwili, kisha akaagiza gari la kwenda hospitali. Njiani ndipo alipompigia mama.

Kwa nini mwili uligoma

Selimundu ni ugonjwa wa kurithi. Mtoto huupata pale anapopokea chembe ya urithi yenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji wa chembe hiyo, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kumpata mtoto mwenye ugonjwa. Nchini Tanzania inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka.

Chembe nyekundu za damu za kawaida ni za mviringo na laini, hivyo hupita kirahisi hata kwenye mishipa midogo kabisa. Za mwenye selimundu hugeuka umbo, zikawa ngumu na kupinda kama mundu. Zikinasa kwenye mishipa, damu haifiki inapotakiwa na maumivu makali huanza. Baridi, upungufu wa maji mwilini, maambukizi kama malaria na kujichosha kupita kiasi ni miongoni mwa mambo yanayochochea hali hiyo. Mtoto huyu alikutana na matatu kwa siku moja.

“Mama, nimesema”

Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini Tunduma. Alfajiri mama akapanda basi peke yake, akapita Segera hadi Mombo na kuanza kupanda mlima. Anasema alijaribu kuomba akashindwa. Alichoweza ni kuhesabu kona.

Alimkuta mwanawe amelala, dripu mkononi. Binti alikuwa kwenye kiti pembeni, ameshika ile soksi yenye vidonge.

“Mama, nimesema,” binti alianza, machozi yakimtoka.

“Umefanya vizuri, mwanangu. Mimi ndiye niliyekosea.”

Lakini kulikuwa na jambo jingine lililomsubiri. Kabla ya gari kuondoka kambini, kijana mmoja wa kujitolea alimwekea mtoto mikono, akamwombea na kumtangazia kuwa amepona, hivyo asihofu tena habari ya dawa. Mtoto alipoamka, hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza.

“Mama, mwalimu amesema nimeshapona. Vidonge niendelee navyo?”

Mama anakiri kuwa swali hilo lilimchoma, kwa sababu uponyaji huo ameuombea kwa miaka 11. Alimjibu mwanawe kuwa maombi yataendelea na vidonge vitaendelea, na siku kipimo cha damu kitakapoonyesha kuwa amepona, daktari wa kliniki mwenyewe ndiye atakayewaambia waache.

Jioni alizungumza na kiongozi wa kambi. Kiongozi aliwaita walimu wote na kuweka sharti kuwa hakuna mtoto atakayeambiwa aache dawa kwa sababu ameombewa. Yule kijana alikuja kuomba radhi. Mama anasema hakuwa na kinyongo naye. Kijana aliomba kwa upendo, wakati yeye mzazi ndiye aliyemhatarisha mtoto kwa neno moja kwenye fomu.

Mwenye selimundu anaweza kucheza

Waliporudi Dar es Salaam, mama alimuuliza daktari wa kliniki swali ambalo kwa miaka yote aliogopa kuliuliza: mtoto huyu anaweza kucheza mpira? Alitegemea kukatazwa. Akaambiwa anaweza, kwa masharti.

Anywe maji kabla ya kucheza, wakati wa kucheza na baada ya kucheza. Apumzike mara kwa mara na atoke uwanjani mara anapochoka au kuhisi maumivu, bila kulazimishwa kuendelea. Asioge maji ya baridi, avae sweta jioni na alale ndani ya chandarua. Dawa zake asizikose, ikiwamo haidroksiyurea, ambayo hutumiwa kila siku kupunguza mashambulizi ya maumivu.

Wasimamizi nao wajue dalili za kumkimbiza hospitali bila kungoja asubuhi: homa ya nyuzi joto 38 au zaidi, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida, tumbo kuvimba upande wa kushoto, kupauka ghafla, maumivu yasiyotulia kwa dawa, na mwili kulegea upande mmoja au kushindwa kuongea.

Daktari aliyaandika yote hayo kwenye barua.

Juni ya mwaka huu

Siku ya Selimundu Duniani huadhimishwa Juni 19, wakati ambao familia nyingi zinapanga likizo ya watoto. Mwaka huu mama huyo alijaza tena fomu ya kambi ile ile. Nafasi ya maelezo ya afya haikumtosha, akaambatanisha karatasi nyingine pamoja na barua ya daktari. Dawa alizikabidhi kwa matroni mkono kwa mkono, na binti akaenda kambini na begi lake tu.

Kambi nayo imebadilika. Fomu sasa inasema hakuna mtoto atakayekataliwa kwa sababu ya ugonjwa kabla ya uongozi kuzungumza na mzazi. Mama anaamini kuwa kama angelikuta sentensi hiyo mwaka jana, asingeandika alichoandika. Wito wake kwa wazazi ni kusema ukweli, na kwa shule na makanisa ni kutomwadhibu mzazi aliyeusema.

Usiku wa pili wa kambi simu iliita tena, saa 2. Aliinuka kwenye cherehani hadi kitambaa kikaanguka chini. Alikuwa ni mwanawe, ameazima simu ya matroni. Siku hiyo alikuwa amewekwa golini kwa dakika 10 za kila kipindi, na alikuwa na malalamiko mazito.

“Mama, nimefungwa matatu!”

Mama anasema alicheka peke yake mpaka jirani akaja kugonga mlango.