Piano ya Miguu Mitatu Mlingotini: Kweli au Si Kweli?

Bagamoyo kuna TaSUBa, taasisi iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, kwa hiyo mwanamuziki anayejenga Mlingotini, jirani na hapo, na kuwaza piano ya miguu mitatu sebuleni si kioja. Kioja ni ushauri anaopewa.

"Piano kubwa kwenye chumba kidogo itapasua masikio."

Robo tu ndiyo kweli. Hata fupi ikipigwa kwa nguvu inakera. Mkosaji mkubwa ni sebule yenyewe: vigae chini, lipu ukutani, madirisha ya vioo. Tandika zulia, weka mapazia mazito, shusha mfuniko. Urefu unaamua zaidi ubora wa besi. Yamaha GB1K ina sentimita 151, Steinway B ina 211, na D ya kwenye kumbi ina 274. Uzi mfupi wa besi hauwezi kutoa sauti nzito mpaka unenepeshwe kwa waya wa shaba, na kadiri unavyonenepa ndivyo unavyokuwa mgumu kutetemeka vizuri. Ndiyo maana kwenye piano fupi noti za mwisho kushoto zinavuma tu, hujui ni noti gani.

"Ya miguu mitatu yoyote inaishinda ya kusimama."

Si kweli. Yamaha U3, ya kusimama, ina kimo cha sentimita 131, na besi yake inaweza kuwa safi kuliko ya piano fupi ya miguu mitatu, yaani ya mlalo. Mlalo unashinda kwenye mitambo: nyundo zinarudi chini kwa uzito wake, noti ikarudiwa upesi. Kwa sebule nyingi za huku mimi ningenunua ya kusimama, chenji ikamlipe fundi.

"Pima urefu wa chumba, basi."

Si kweli. Tandaza kanga sakafuni. Upande wake mrefu, kama meta moja na nusu, ndio upana wa piano kwenye vibonyezo, iwe fupi au ndefu. Kanga mbili zikiungana kwa pande hizo ndefu, umepata takriban nafasi ya Steinway B. Ongeza kama sentimita 80 za kiti na mpigaji. Nyumba za kale za mawe, za Bagamoyo, Unguja au Lamu, ndipo hesabu inapogoma: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mkoko, karibu meta mbili na nusu hadi tatu. Ukiiweka B kukingama chumba, mpigaji anakaa ukutani. Ukiilaza kufuata urefu wa chumba, njia inabaki. Na kama ni ghorofani, piano ya kilo 300 inayosimama kwa miguu mitatu si ya kupandisha kabla fundi hajakagua boriti.

"Iweke dirishani, ipate upepo wa bahari."

Si kweli hata kidogo, na hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Piano inapenda unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 60. Pwani hii kwa kawaida tuko juu ya 70. Mkulima wa mwani anajua mwani mkavu ukiachwa wazi usiku unavuta maji tena. Ubao wa sauti ndivyo ulivyo. Unavimba, unazisukuma nyuzi juu, sauti inapanda. Vibonyezo vinaanza kukwama, pini zinapata kutu. Chumvi inaongeza kasi.

"AC inamaliza tatizo."

Ikiwaka mfululizo, inasaidia. Ukiiwasha jioni na kuizima asubuhi, au umeme ukikatika kila mara, ubao unavimba na kusinyaa bila kupumzika, jambo baya kuliko unyevu usiobadilika. Afadhali ukuta wa ndani, mbali na dirisha, na kipimo cha unyevu juu ya rafu. Fundi wa kuirekebisha sauti mwite masika yakishatulia. Akija mvua ndiyo kwanza zinaanza, baada ya wiki chache utamwita tena.