Mbwa yangu ilikuwa kwenye kamba, yako ikatoka mbio: nani atalipa?

Asubuhi moja, kabla ya saa moja, papa mmoja wa avenyu yetu hapa Goma alikuwa anarudi nyumbani na mbwa yake kwenye kamba. Mbwa kubwa, ya kulinda parsele usiku. Akapita mbele ya mlango wa bati ulioachwa wazi, juu mtoto alikuwa ametoka kuchota maji. Mbwa ya humo ndani, ndogo kuliko ile nyingine, ikatoka bila kamba wala mtu, ikarukia ile iliyofungwa kwenye shingo. Ni mambo ya dakika mbili tu. Mwishoni ile ndogo ilikuwa imepasuka sikio na inachechemea, na papa aliyejaribu kuzitenganisha kwa mikono alikuwa anatoka damu kwenye kidole gumba.

Mama wa parsele akatoka na kelele: "Papa, imbwa yako imeniharibia imbwa!" Papa akajibu: "Mama, yangu iko kwenye kamba. Yako ilifuata nini barabarani?"

Watu wakajaa, kila mmoja na hukumu yake. Wengi walisimama upande wa mama. Kwanza mbwa yake ndiyo iliumia zaidi. Pili, walisema, mtu anayefunga mbwa kamba anajua mwenyewe kama ni kali. Hii sababu ya pili nimeisikia mara nyingi, na kila mara inanishangaza. Ni kusema aliyejichunga ndiye mwenye kosa, na aliyeacha mlango wazi alale kwa amani.

Sheria ya inchi yetu haisemi hivyo. Neno liko katika kode sivile, kitabu cha tatu, kinachotoka kwenye dekre ya tarehe 30 Julai 1888 na ambacho kinatumika mpaka leo. Kifungu cha 261 kinasema kwamba mwenye mnyama, au mtu anayemtumia kwa wakati huo, ndiye anajibu juu ya hasara mnyama huyo ameleta, hata kama alikuwa chini ya ulinzi wake, hata kama alipotea ao alitoroka.

Soma tena hapo mwisho. Kutoroka si kisingizio. Mama hawezi kusema "ilinichomoka, mimi nilikuwa jikoni". Lakini papa naye asifurahi haraka, juu kifungu hicho hakisemi kwamba kamba inafuta deni. Mbwa yake ndiyo ilipasua sikio, na yeye ndiye mwenyewe.

Basi inakatwa namna gani? Hapo ndipo muamuzi anaangalia kosa la yule anayelalamika. Mtu akiomba kulipwa hasara ambayo yeye mwenyewe aliifungulia mlango, anaweza kupunguziwa ao kukosa kabisa. Hapa mlango ulikuwa wa mama, mbwa ya mama ndiyo ilianza, na ile nyingine ilijitetea mahali ambapo haikuweza hata kukimbia. Kwa mfano kama huu, mzigo mkubwa unabaki kwa mwenye mbwa iliyokuwa huru. Na kidole cha papa? Hakuna aliyeona ni meno ya nani. Hata kama ni ya mbwa yake mwenyewe, anaweza kueleza kwamba bila ile iliyotoka mbio, mkono wake haungeingia hapo.

Mambo yangegeuka kama kamba ilikuwa ndefu mpaka mbwa inafikia wapita njia, ao kama mbwa nzito imeshikwa na mtoto wa miaka minane ambaye inamkokota. Vilevile kama papa angeilegeza kamba makusudi na kusema "kamata!". Kamba inayosaidia mbele ya muamuzi ni ile inayozuia kweli. Na kama mbwa ilikuwa mikononi mwa sentineli wa nyumba, bosi wake hawezi kujificha nyuma yake: kifungu cha 260 kinamtia bosi katika makosa ya mtumishi wake akiwa kazini.

Mtu wa tatu akiumia, kwa mfano mama muuza ndizi aliyekuwa anapita, haibaki tena mambo ya kulipana tu. Kode penale, kifungu cha 52 mpaka 54, inaazibu anayeumiza mtu kwa kukosa uangalifu. Na wewe mwenye hasira unayekimbilia panga ili kumaliza mbwa ya jirani wakati ugomvi umekwisha, jua kwamba kuua mnyama wa mwenzako kwa ubaya na bila lazima ni kosa pia.

Kabla ya kulipana, damu. Kichaa cha mbwa, ile tunaita raje, kikianza kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Papa wetu alifunga kidole kwa kitambaa na akaendelea kubishana. Ilipaswa aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, halafu aende kituo cha afya siku ileile aulize chanjo, bila kungoja kuona kama mbwa itagonjwa. Chanjo hiyo haipatikani kila mahali, kwa hiyo ni vizuri kuanza kutafuta mapema. Mbwa iliyouma inafungwa na kuangaliwa siku 10. Ikiuawa siku ya kwanza, hakuna wa kuangalia tena. Mbwa zote mbili zionwe na veterineri, na kikaratasi cha chanjo kitolewe. Siku nyingine mbwa zikipigana, tumia ndoo ya maji, usitie mikono.

Shahidi, picha ya simu, karatasi ya kituo cha afya na risiti ya veterineri ndivyo vinabeba kesi. Bila risiti, dolari 50 unazoomba ni maneno. Unaanza kwa shefu wa avenyu, halafu shefu wa kartie, na mkikosa kuelewana, tribunali ya amani. Makubaliano yaandikwe, yatiwe sahihi na pande mbili pamoja na mashahidi.

Kwa shefu wetu ilichukua masaa mawili. Mama alikubali kutibu mbwa yake mwenyewe na kulipa nusu ya pesa za kituo cha afya kwa mara mbili. Papa aliacha kudai suruali iliyopasuka. Siku ya kumi mbwa zote mbili zilikuwa nzima, na mlango wa bati umewekwa kufuli.