Ziwa likifungwa, mtumbwi ulale wapi?

SANGE, Uvira – Uvuvi unaposimamishwa katika Ziwa Tanganyika, swali la kwanza katika kila nyumba ya mvuvi ni chakula. Swali la pili hujibiwa kwa haraka, na gharama yake huonekana Agosti: mtumbwi ukae wapi kwa miezi mitatu?

Congo, Burundi, Tanzania na Zambia, kupitia Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, zilikubaliana kupumzisha ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki kama ndagala na mikeke wapate nafasi ya kuzaliana. Tanzania ilifunga upande wake kwa tarehe hizo mwaka 2024.

Kwa chombo cha mbao, hiyo ni miezi migumu. Mvua imekatika, jua ni kali na upepo wa kusini unavuma. Ubao uliozoea maji hunywea ukikauka, na nafasi kati ya mbao hufunguka.

Kuuacha mtumbwi majini huzuia ukavu huo, lakini mawimbi huugongesha kwenye mawe au kwenye mitumbwi mingine, na mwizi huufikia kirahisi usiku.

Kuuvuta hadi mchangani ni rahisi zaidi, ila mahali pa kuuweka panahitaji hesabu. Kwa kawaida maji ya ziwa huwa juu mwezi wa Aprili na Mei, kisha hushuka hadi Novemba. Mtumbwi uliowekwa karibu na maji mwezi wa Mei unaweza kuwa mbali nayo Agosti. Hata hivyo, kushuka huko si kwa haraka, kwa sababu ziwa lina mto mmoja tu wa kulitoa maji, Lukuga, huko Kalemie. Mwaka 2024 maji yaliingia hadi kwenye nyumba za watu mjini Uvira, na sehemu nyingi za ufuo zilizokuwa kavu zikapotea.

Njia ya tatu ni kuupandisha hadi uwanja wa nyumba, chini ya mwembe. Hii inahitaji watu wengi wa kusukuma, lakini kivuli huokoa mbao. Mtumbwi mdogo hufudikizwa. Mkubwa huwekwa wima juu ya magogo kadhaa, uzito ugawanyike na mbao zisiguse udongo wenye mchwa, kisha hufunikwa kwa majani. Katamarani hufunguliwa miti yake kwanza, kila mtumbwi ukae peke yake.

Kwa mwenye mtumbwi anayeishi Sange, umbali wa kilomita 30 hivi kutoka Uvira, chombo hakiwezi kumfuata nyumbani. Injini, taa na nyavu zinaweza. Nyavu zikaushwe vizuri na zitundikwe juu, mbali na panya. Mtumbwi wenyewe unahitaji mlinzi wa ufuoni, na malipo yake ni afadhali yajulikane kabla ya 15 Mei.

Siku chache kabla ya ziwa kufunguliwa, mtumbwi hutiwa maji ndani au kulazwa penye kina kifupi ili mbao zivimbe tena. Panapoendelea kuvuja huzibwa kwa pamba.

Miezi mitatu bila kuvua humaliza akiba. Aliyeacha mtumbwi wake ukapasuka huanza msimu kwa deni la mbao na misumari, huku wenzake wakiwasha taa zao ziwani.