Gundi na Uzi katika Kufunga Jeraha la Upasuaji

Neno gundi humpotosha msikilizaji. Seremala huipaka baina ya mbao mbili. Daktari hukutanisha kwanza kingo za ngozi, ndipo akaipaka juu. Ikipenya ndani ya jeraha, huzuia kingo hizo zisiungane. Gundi yenyewe, ya jamii ya sianoakrileti, iliidhinishwa nchini Marekani mnamo 1998. Haihitaji sindano, hukauka kwa dakika chache na hubanduka yenyewe baada ya siku 5 hadi 10, ilhali nyuzi zisizoyeyuka humlazimu mgonjwa arudi zitolewe.

Hata hivyo, uzi haujapitwa na wakati. Tathmini ya Cochrane ya mwaka 2014 ilibainisha kuwa majeraha yaliyoshonwa hufumuka kwa nadra kuliko ya gundi (naam, hata lisiloshonwa twasema limefumuka!). Aidha, gotini na kiwikoni, ambako ngozi huvutwa kila mara, gundi pekee haitegemewi, na mkato wa kina sharti ushonwe ndani kwanza. Mgonjwa aliyezoea kupaka kidonda mafuta aelezwe waziwazi, kabla hajaondoka hospitalini, kwamba mafuta huidhoofisha gundi hiyo.