Kibaba cha Mfuto na Kibaba cha Tele

Wazee wetu wa pwani walikuwa na vibaba vya namna mbili. Kibaba cha mfuto ni kile kilichojazwa hadi ukingoni, kisha kikafutwa kwa kiganja au kijiti, nafaka ikalala sawasawa na mdomo wa kipimo. Kibaba cha tele ni kile kilichofanywa kichuguu juu, punje zikawa zaporomoka pembeni. Muuzaji na mnunuzi wakiulizana mapema, "Wauza mfuto au tele?", na bei ikafuata jibu. Kibaba cha tatu hakikuwa na jina.

Hicho cha tatu ndicho kilichonifanya nishike kalamu leo.

Kwa vijana waliozaliwa katika kilo, nieleze kidogo. Vibaba viwili ni kisaga, na visaga viwili ni pishi. Nguo nayo ilikuwa na dhiraa mbili: dhiraa kamili, kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na dhiraa konde, ambayo huishia kwenye ngumi iliyofumbwa. Konde ni fupi, lakini haikuwa na aibu, kwa kuwa aliyepima alisema ni konde.

Wala msidhani kuwa vipimo hivi vimekufa. Kila Ramadhani inapokaribia kwisha, pishi hufufuka. Zakatul fitri katika madhehebu yetu ya Shafi ni saa moja ya chakula cha mji kwa kila kichwa, yaani mudi 4, na desturi ya pwani ni kuitoa kwa pishi ya mchele.

Sasa tazama kopo la bati liuzwalo nalo unga na maharagwe sokoni. Litazame chini, si juu. Mara nyingine kitako kimegongwa kwa nyundo kikaingia ndani, na juu ya kitako hicho nafaka hupandishwa kichuguu kizuri, mnunuzi akaondoka akishukuru kwamba amepewa tele. Lina ukingo wa mfuto na kilele cha tele, na ndani limepungua kuliko vyote viwili.

Mtu atasema, ni punje ngapi hizo? Na tuhesabu. Chukua mama anunuaye kibaba kimoja kila siku kwa sababu hana fedha za gunia. Kopo likipunja sehemu moja katika kumi, kwa mwaka amepoteza vibaba 36, nazo ni pishi 9. Pishi 9 ni fitri ya watu tisa, nyumba nzima na wageni wake. Anunuaye gunia hulipima kwenye mizani ya chuma iliyogongwa muhuri na mkaguzi wa serikali. Kwa hiyo kopo lile halimwibii tajiri. Huchagua yule asiyeweza kununua zaidi ya kibaba.

Nasi hatuwezi kusema hatukuambiwa. Suratul Mutaffifin, sura ya 83, imepewa jina la hao wapunjao, na mtoto wa chuo huihifadhi katika Juzuu Amma kabla hajajua bei ya kitu. Ajabu yake ni kwamba inamlaumu mtu kwa vipimo vyake viwili: ajipimiapo hutaka kitimie, awapimiapo wenziwe hupunguza. Watu wa Madyan, kaumu ya Nabii Shuaib, walionywa kwa jambo hilo hilo, nao walikuwa wafanyabiashara kama sisi.

Ukutani kwa chuo nilichosomea palikuwa na duka la mzee mmoja muuza nafaka. Tulipokuwa tukiisoma sura ile kwa sauti, tuliusikia mchele ukimiminwa upande wa pili. Mzee huyo alikuwa na tabia ambayo sisi watoto tuliicheka. Akipima, hakuzungumza. Akitokea mtu akamtolea salamu naye yuko katikati ya kipimo, aliweka kibaba chini, akaitikia salamu kwa ukamilifu, akauliza hali ya nyumbani, kisha akaurudisha mchele guniani na kuanza upya. Wanunuzi wenye haraka walinung'unika. Nilikuwa mtu mzima niliposikia mashekhe wakizungumza juu ya kuhudhurisha moyo katika sala, na kila mara picha iliyonijia ilikuwa ya kibaba kile kikirudishwa guniani.

Muuzaji wa leo ana hoja yake, na si haki kuipita. Husema kodi ya kibanda imepanda, nauli imepanda, gunia limepanda, na mnunuzi akisikia bei mpya huenda kwa jirani. Yote ni kweli. Lakini bei iliyopanda husemwa usoni kwa mtu, naye ana hiari ya kukubali au kukataa. Kitako kilichogongwa humnyang'anya hata hiyo hiari. Na hapa nina ugomvi mdogo na baadhi ya wahubiri wetu. Wakizungumzia kinaa, humgeukia maskini na kumwambia aridhike na alichopata. Aridhike na nini, na kitako cha kopo? Mimi naona kinaa ianze kwa yule aliyeshika kipimo, aridhike na faida aliyoitaja kwa mdomo wake.

(Sisi washairi nasi tuna mizani, japo yetu ni ya silabi, 16 katika mshororo wa shairi la kawaida. Wako wanaozijaza kwa "ewe" na "jamani" na "sikia" hadi zikatimia. Kwa idadi hazina kasoro. Ukizigeuza chini, utakiona kitako kimeingia ndani.)

Na lililo zito zaidi ni hili la fitri. Aliyenunua mchele wa kutolea kwa kopo lile hutoa pungufu bila kujua, na maskini apokeaye hupunjika mara mbili, dukani mwaka mzima na siku ya Idi.

Ramadhani moja nilimwona bibi mmoja, mtu mzima sana, akiingia dukani na kibaba chake mwenyewe, cha mti, kimefungwa ndani ya leso. Alikifungua polepole, akakiweka mezani, akaagiza mchele wa watu saba. Kijana mwenye duka alikitazama kibaba, akakitia mkono ndani, akakigeuza.

"Bibi, hiki chako ni kikubwa."

"Si kikubwa, mwanangu. Ni kibaba."

Vilipimwa vibaba 28, vyote vya mfuto, bibi akivihesabu kwa sauti.