Mtoto Anayekojoa kwa Shida: Si Kila Mara ni Kichocho

Hapa Unguja ukisema mtoto ana shida ya mkojo, jibu la haraka ni kichocho. Jibu hilo lina sababu zake. Upande wa Chaani na Kinyasini watoto wamekojoa damu kwa vizazi vingi, na vimelea vya kichocho vikikaa muda mrefu hubana mirija ya mkojo hadi figo zikavimba. Kati ya 2012 na 2017 Zanzibar iliendesha mradi mkubwa wa kukitokomeza kwa kugawa prazikwanteli mara mbili kwa mwaka, na katika baadhi ya shehia kuua konokono na kutoa elimu. Maambukizi yalishuka sana. Kusini, huko Makunduchi, hakienei kabisa, maana konokono wa huko si wa aina inayokibeba.

Lakini kichocho huingia kwenye ngozi mtoto anapogusa maji yenye vimelea, na kuziba kwa njia ya mkojo huja baada ya miezi mingi au miaka. Mtoto wa wiki tatu hajakanyaga mtoni. Huyo akitoa mkojo kwa matone, kizuizi amezaliwa nacho, na kumpa dawa ya kichocho ni kumpotezea wakati.

Kwa watoto wa kiume, kizuizi kibaya zaidi ni vali za mkojo: vijikunjo vya ngozi laini vilivyoota ndani ya mrija wa kutolea mkojo, chini kidogo ya kibofu. Huonekana kwa takribani mtoto mmoja kati ya wavulana 5,000 hadi 8,000. Mkojo hurudi nyuma, kibofu hukomaa na kuwa kigumu, figo huharibika mtoto angali tumboni. Wazee wengine hushauri tohara ifanywe mapema ili mkojo ufunguke. Tohara haifiki huko. Vali ziko ndani mno.

Kizuizi kingine, kinachoonekana mara nyingi zaidi, kipo pale figo inapoungana na mrija unaoshusha mkojo. Sehemu hiyo huwa nyembamba au haisukumi vizuri, au mshipa wa damu huipitia juu na kuibana. Mara chache mrija huziba kule chini unapoingia kwenye kibofu. Mtoto mwenye mgongo wazi naye hushindwa kutoa mkojo wote, ingawa njia iko wazi, kwa sababu neva za kibofu hazifanyi kazi.

Je, nani alaumiwe? Wazazi huulizana mama alikula nini, au nani kamtupia jicho. Viungo hivi hujengeka katika miezi ya mwanzo ya mimba, na kwa watoto walio wengi sababu haijulikani. Hakuna chakula cha mama kinachojulikana kuleta vali. Mgongo wazi ndio tofauti: vidonge vya asidi ya foliki, vikianzwa kabla ya mimba, hupunguza hatari yake. Bahati mbaya wengi hufika kliniki mimba ikiwa na miezi minne au mitano, wakati mgongo ulishafunga, au ulishashindwa kufunga, mwezi wa kwanza.

Dalili ambazo kamati za parokia zinaweza kuwafundisha akina mama ni hizi: mkojo dhaifu au wa matone, uvimbe chini ya kitovu, homa za mara kwa mara zisizo malaria, na mtoto kutokukua. Wakati wa ujauzito, altrasaundi ikionyesha maji ya uzazi ni machache au figo za mtoto zimevimba, mtoto achunguzwe mapema baada ya kuzaliwa.

Hospitali ya kwanza ni Mnazi Mmoja. Wengine hupewa rufaa Muhimbili, Dar es Salaam. Kwanza huwekwa mpira wa mkojo, kisha vali hukatwa kwa kifaa kinachopitishwa ndani ya njia ya mkojo. Kifaa cha saizi ya mtoto kikikosekana, kibofu hufunguliwa tundu dogo tumboni kwa muda.

Wahisani hupenda kulipia upasuaji, nasi tunashukuru. Kinachosahaulika ni nauli ya miaka inayofuata. Mtoto aliyekatwa vali anahitaji kupimwa damu, mkojo na shinikizo la damu mpaka awe mtu mzima, maana figo zinaweza kushindwa hata akiwa kijana mwenye afya machoni pa watu.